Mama alitaka chuma kinene, mimi nikaomba nihesabu kwanza

Mimi ni fundi wa milango, na mama mmoja mwenye depo (ghala) aligonga bamba la mfano la mlango nililomletea na pete yake, ko ko ko, akaweka sikio karibu kama mtu anayechagua sufuria sokoni, kisha akanirudishia. "Fundi, hii ni manjanja (bati la paa). Mimi nilikuambia mulango. Chuma kinene. Mwizi akuje na nyundo yake, apige mpaka achoke, arudi kwao kulala."

Nikamwambia sawa mama, chuma tutaongea, ila kwanza naomba kesho nikae hapa kwako kutwa nzima, sihitaji kitu, kiti tu. "Ukae ufanye nini?" Nihesabu mlango wako unafunguliwa mara ngapi. Akamwangalia zamu wake (mlinzi), zamu akaangalia chini, nadhani wote wawili walifikiri nimekosa kazi.

Hiyo ilikuwa 2023, depo yake iko upande wa Birere hapa Goma, anauza unga, muchele, mafuta na sabuni kwa jumla. Mlango aliokuwa nao ni ule mnaoujua wote, mbao mbili za chuma zilizochomelewa, upana mita 4, zinaning'inia kwenye bawaba, na bawaba moja ilishalegea siku nyingi mpaka ubao wa kushoto ulikuwa umechora nusu duara kwenye sakafu, unausukuma watu wawili, mmoja anainua mwingine anasukuma, na kwa sababu ya ile kazi yote wakishaufungua asubuhi hakuna anayetaka kuufunga tena, kwa hiyo vumbi la barabara linaingia, mvua ya upepo inaingia, na mifuko ya unga ya mstari wa mbele inaharibika. Mlango wa kuzuia mwizi usiku, mchana kutwa uko wazi. Nilimuuliza kwa mwaka anapoteza mifuko mingapi pale mbele, akanyamaza, baadaye akasema "mingi".

Kesho yake saa moja asubuhi nikaketi juu ya mfuko wa muchele na kipande cha katoni na kalamu. Kila mlango ukifunguliwa, au ukiwa wazi, kila akipita mtu ambaye angelazimika kuufungua kama ungekuwa umefungwa, mstari mmoja. Mpaka saa kumi na moja jioni nilikuwa na mistari 64. Kamio (lori) 5. Chukudu 17, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zinakuja na kuondoka na mafuta na mifuko ya unga. Iliyobaki 42 ni watu kwa miguu, mteja wa kuuliza bei, kijana wa kupeleka risiti, mwingine anaenda kununua mandazi, zamu mwenyewe mara sita kwenda chooni (mafua ya tumbo, aliniambia). Nikamwonyesha mama ile katoni. Kamio na chukudu pamoja ni 22. Hao 42 wanapita kwenye mlango wa mita 4 wakati mwili wa mtu hauhitaji hata mita moja.

Hapa ndo nataka mnielewe, hasa nyinyi mnaonipigia na swali la kwanza "chuma milimita ngapi". Mlango wa depo ni mashine, na mashine inakufa kwa kutumika. Ule nilitaka kumwekea ni mlango wa mapaneli, yaani vipande vya chuma vyembamba viwili na povu katikati, unene wa milimita 40, vinapanda kwenye reli na kulala chini ya paa. Mita 4 kwa 4 unakaribia kilo 200, mifuko minne ya simenti, na bado mtoto wa shule anaweza kuuinua na mkono mmoja, sababu uzito wote unabebwa na resori (nyinyi wa Dar mnaita springi) zilizojikunja juu ya shafti (ule mti wa chuma unaozunguka juu ya mlango). Moteri haibebi mlango, moteri inasindikiza tu. Na resori ina umri unaohesabiwa kwa kufungua na kufunga, si kwa miaka. Zile za kawaida ukiagiza bila kusema kitu zinakuja za mara 10,000. Ukisoma 10,000 unaona ni nyingi sana. Haya, piga hesabu ya mama, 64 kwa siku, siku 300 za kazi, ni 19,200 kwa mwaka. Resori inakatika hata miezi saba haijafika.

Naongea kwa uchungu sababu yalinipata. 2019 niliweka mlango kama huo kwenye depo ya unga, kazi yangu ya kwanza kubwa, nilikuwa nimejaa kiburi, picha nilituma mpaka kwa mashemeji. Sikuuliza unafunguliwa mara ngapi, niliagiza resori iliyokuwepo. Mwezi wa nane muzee mwenye depo ananipigia saa nne asubuhi, anasema kuna kitu kimelipuka. Resori ikikatika inatoa mlio kama risasi, na kwa mji wetu mlio kama huo watu hawaulizi mara mbili, walikuwa wameshalala chini wote mpaka wateja. Mlango ulishuka kama sentimita 20 ukashikwa na kile kifaa cha usalama cha kushika shafti resori ikikatika, na namshukuru Mungu sikukitoa kwenye oda ili kupunguza bei, maana muzee alikuwa amenibembeleza nikitoe. Kamio ilikuwa imeingiza pua chini yake. Nililipa resori mpya mimi, muzee hakunilaumu kwa maneno, aliniuliza tu, "Fundi, wewe kwani hukujua?" Hilo swali liliniuma kuliko kulipa.

Sasa kwa mama njia zilikuwa mbili. Kuagiza resori nzito zaidi, inawezekana, zinatengenezwa za mara 25,000, 50,000 na zaidi, zinakuwa ndefu na nene na bei inapanda. Au kupunguza kufungua. Nikamwambia tutatoboa ukuta pembeni, tuweke mlango mdogo wa watu, sentimita 90, wale 42 wapite huko. Mlango mkubwa unabaki na 22 kwa siku, ni 6,600 kwa mwaka, ukiweka resori za 25,000 unakaribia miaka minne.

Akakataa papo hapo. "Mulango mudogo njo mulango ya mwizi." Na simlaumu, kila mfanyabiashara wa Goma ana hadithi yake ya wizi, na mwaka mmoja na kitu baadaye, mwisho wa Januari 2025 depo nyingi za mji ziliporwa, mimi mwenyewe nilipita kurekebisha baada ya hapo na ninachoweza kusema ni kwamba mbili kati ya zile nilizorudi hazikuguswa mlangoni kabisa, watu walipita juu, waling'oa manjanja ya paa. Lakini 2023 sikuwa na hoja hiyo. Hoja niliyokuwa nayo ni ya 2021.

Mnakumbuka. Volkano yetu ya Nyiragongo ililipuka Jumamosi usiku tarehe 22 Mei, lava ikashuka mpaka karibu na uwanja wa ndege, na baada ya lava ikaja ile mitetemeko ya siku nyingi, usiku mchana, nyufa kwenye barabara, mpaka tarehe 27 wakaamuru mitaa 10 kati ya 18 ihame na mji mzima ukaelekea Sake au Gisenyi. Kuna depo moja, siyo ya kwangu kuiweka, ilikuwa na rido ya chuma ya kujikunja, moja tu, hakuna tundu lingine. Vijana wawili walikuwa wanalala ndani kulinda. Ukuta ulisogea kidogo, kidogo tu, reli ya upande mmoja ikabana, na rido ilipanda nusu mita ikakwama hapo. Walitoka kwa tumbo, kama mijusi. Niliporudi Juni nikapima zile pembe, kutoka kona ya juu kushoto mpaka ya chini kulia, na ile nyingine, zinatakiwa ziwe sawasawa, zilitofautiana sentimita 3. Sentimita 3 tu. Kama rido ingekuwa imekwama chini kabisa na moto wa kawaida ukawaka ndani, nani angewatoa.

Nilimsimulia mama hiyo, akamuuliza zamu wake analala wapi. Zamu akaonyesha ndani, nyuma ya katoni za sabuni. Mama akakaa kimya kama dakika nzima, halafu akasema weka, lakini uwe na kufuli la kweli. Basi tuliuweka, bamba la chuma la milimita 2, kitasa kinachofunga sehemu tatu, juu, katikati na chini, kwa nje huoni hata mkono wa kufungulia, na kwa ndani ni baa ya kusukuma na kiuno tu, bila funguo, unafunguka kuelekea nje. Nikiona mlango wa dharura uliofungwa na kadena (kufuli) kwa ndani, natamani kuondoka na kazi niiache.

Kupima. Hapa watu wanaona najichelewesha. Upana napima mara tatu, chini, katikati, juu, na nachukua ndogo. Urefu pande zote mbili. Halafu zile pembe. Halafu sakafu na nivo (pima maji), kwa sababu kuta za Goma tunajenga juu ya lava, msingi unafuata mwamba, na sakafu ya mama ilikuwa imeshuka sentimita 2 na nusu upande mmoja, ungeweka mlango ulionyooka unabaki na mwanya wa panya wote wa Birere. Na juu, nafasi kutoka linto (boriti ya juu ya mlango) mpaka mbao za paa, hapo ndo rido ya kujikunja ilitushinda, mabamba ya mita 4 yakijikunja yanakuwa pipa la karibu nusu mita na mama alikuwa na sentimita 45. Ningependa kusema rido ni mbaya, hapana, kwa duka dogo linalofunguliwa asubuhi na kufungwa jioni rido ndo jibu, ina vitu vichache vya kuharibika na bamba moja likipinda unabadilisha lile tu. Kwa mwenye kufungua mara ishirini ni polepole na kelele.

Ukuta nao. Tofali za simenti zenye tundu haziwezi kushika bulo (boliti) ya kupanuka, inageuka tu ndani kama kijiko kwenye bugali laini. Tulisimamisha poto (nguzo) mbili za beto (zege) na ferabeto (nondo) pande zote mbili, tukangoja wiki nne, mama ananipigia kila siku tatu kuuliza kama beto inachelewa kwa makusudi. Mlango mkubwa unapokea upepo, na mvua ya kutoka ziwani mnaijua ikija. Wazungu wana madaraja ya upepo kwa milango, kwenye kanuni yao EN 12424, daraja la 2 ni paskali 450, yaani nyutoni 450 kwa kila mita ya mraba, ukizidisha na mita 16 za mraba za mlango wa mama unapata nyutoni 7,200, msukumo kama wa kilo 730, chukua karibu mifuko 15 ya simenti uiegemeze kwenye paneli. Yote hiyo inaishia kwenye bulo zako. Kwa hiyo bulo siwekei tofali.

Kidogo kuhusu kutu, kwa sababu moshi wa volkano na mvua yake unakula manjanja zetu na milango pia. Vyuma vinakuja vimepakwa zinki, vizuri, lakini mafundi wetu wakifika wanachomelea juu ya ile zinki, inaungua, na pale palipoungua kutu inaanza hapo hapo. Mimi nafunga na bulo kila ninapoweza, na nikikata lazima kopo la rangi ya zinki liwe karibu. Na ule moshi mweupe wa zinki ukiuvuta unatetemeka usiku mzima na homa kama malaria. Wazee wetu wa kuchomelea wanakunywa maziwa ya Masisi kabla ya kazi eti yanakinga. Hayakingi. Nakunywa pia, maziwa ni mazuri, lakini nachomelea nje kwenye upepo.

Siku ya kukaza resori huwa simruhusu mtu yeyote kusimama karibu, hata mwenye mlango. Unachora mstari mmoja wa chaki kutoka mwanzo mpaka mwisho wa resori, umenyooka. Una fimbo mbili za chuma zinazoingia sawasawa kwenye matundu, sio bisibisi, naapa nimeona vidole vya mtu aliyetumia bisibisi. Unaingiza fimbo moja, unasukuma robo mzunguko, dogo wangu anaingiza ya pili kabla mimi sijaachia ya kwanza, robo nyingine, na tunahesabu kwa sauti. Kwa mlango wa mama ilikuwa mizunguko 8 na nusu, robo 34. Kufika ya ishirini mikono inatetemeka na resori inaanza kulia kidogo. Ukimaliza, ule mstari wa chaki umezunguka kama nyoka kwenye mti na unaweza kuhesabu mizunguko kwa macho. Halafu unaachanisha moteri, unainua mlango mpaka nusu na mkono na unauachia. Ukibaki hapo hapo umefanya kazi. Ukishuka, resori imelegea, ukipanda wenyewe umezidisha. Wa mama ulibaki, ukatikisika kidogo tu, mama akasogea akaugusa na kidole kimoja na ukapanda. Hapo alicheka kwa mara ya kwanza.

Moteri ilitusumbua. Ilikuja ya trifaze (umeme wa nyaya tatu) na depo ina umeme wa monofaze (ule wa kawaida wa nyumbani), kosa la yule aliyetuuzia, nilikuwa nimemwandikia wazi. Kwenye bamba lake imeandikwa 230/400, hiyo ni bahati, kwa sababu unaweza kuweka variateri, kifaa kinachogeuza umeme, inayopokea monofaze na kutoa trifaze ya volti 230, ila lazima ufungue kifuniko ubadilishe namna zile nyaya zilivyounganishwa, kutoka nyota kwenda pembetatu. Wengi wanasahau, moteri inaguna tu haina nguvu, wanasema imekufa. Na hapa umeme unapotea wakati wowote, kwa hiyo mlango bila mnyororo wa mkono mimi siuweki, nilimfundisha zamu siku ile ile, kivunja umeme chini, mnyororo, juu, chini, mara tano mpaka akachoka. Kwa usalama niliweka jicho pembeni la kuona mtu anapopita na mpira wa chini wenye kuhisi ukigusa kitu, vyote viwili. Kanuni ya Ulaya, EN 12453, inasema mlango wa moteri ukimgusa mtu wakati unafunga usizidi nyutoni 400, kama uzito wa kilo 40, na usimbane kwa nguvu hiyo zaidi ya robo tatu za sekunde. Sina kile kifaa chao cha kupimia. Niliweka chini ya mlango katoni tupu ya sabuni, ikirudi na mkunjo mdogo narudi nyumbani, ikibondeka nabaki.

Wiki ya pili tu chukudu ikaingia na mifuko, kijana akakosa breki, ile kiatu ya breki ya nyuma ilikuwa na tope, akagonga reli ya kushoto. Reli imepinda milimita chache na gurudumu la paneli likaanza kuruka. Kosa langu, nilikuwa nimepanga kuweka nguzo za kuzuia "baadaye". Niliweka kesho yake, bomba za chuma zilizojazwa beto, pande zote, rangi ya njano na nyeusi. Mpaka leo zina mikwaruzo kila urefu, wa chukudu chini, wa kamio juu kidogo.

Wanaoniuliza milango ya kioo ya kujifungua ya hoteli na maduka makubwa, hiyo nitaandika siku nyingine, kwa leo neno moja, uliza umeme ukikatika inabaki wapi. Kama jibu ni "imefungwa", na wateja wako ndani, rudisha.

Mama alinipigia wiki iliyopita, nilifikiri ni nguzo. "Fundi, hii kisanduku yako inaandika 16,204. Ulisema 25,000, si njo hivo? Anza kutafuta resori sasa, mimi siko mutu wa kungojea mulio." Kile kisanduku cha moteri kina namba inayohesabu kila kufungua, nilimwonyesha mara moja tu siku ya kukabidhi na sikujua alikuwa anaisoma. Nikamuuliza na ule mlango mdogo je, unaendeleaje? Akasema ule zamu analalamika baa inalia usiku akitoka, nije na mafuta.